Wewe wa Safu ya Mbele

Axenia Rusnac alikuwa na mama, na kijiji kizima cha Valea Teiului, huko Moldova, kilijua hivyo, lakini alipopanda jukwaani alijiita Orfana, yaani yatima. Alijipa jina hilo akiwa bado shuleni. Mtangazaji mmoja wa redio alipomuuliza kama hamwogopi Mungu, kumzika mtu aliye hai, alijibu kwamba hajamzika mtu. Yeye anasimulia tu alivyolelewa.

Na alivyolelewa ni hivi. Baba yake alikwenda Moscow kujenga maghorofa, akajijengea huko na familia nyingine. Mama yake, Nadejda, alimsubiri mpaka aibu ikamshinda, kisha naye akafunga begi akaenda Italia kutunza wazee wa watu, kwa viza ya utalii iliyokwisha muda wake kabla hajajua hata kuomba maji kwa lugha ya kule. Axenia alikuwa na miaka saba. Aliachwa kwa bibi yake Eufrosinia, mwanamke mkavu wa maneno aliyeonyesha upendo wake kwa kulisha na kukemea. Nusu ya darasa lao walikuwa katika hali hiyo hiyo. Mwalimu aliwaita watoto wa Italia, na picha ya darasa ilipopigwa, ungewatambua mara moja: waliopendeza kwa mavazi ndio waliokuwa hawana mtu nyumbani.

Mama alikuja kwa boksi. Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilisimama mbele ya kanisa, dereva akasoma majina kwa sauti, na watu wakapokea jamaa zao waliofungwa kwa utepe: kahawa, mafuta ya zeituni ambayo bibi alisema yana ladha ya majani, soksi, sabuni ya unga yenye harufu ya maua. Viatu vilikuwa vidogo kila mara. Nadejda alinunua kwa mguu aliouacha, na mguu haukumsubiri.

Bibi alifariki mwezi Februari, alasiri, kando ya jiko la matofali, Axenia akiwa na miaka kumi na miwili. Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Bibi alimtafuta kwa mkono juu ya blanketi, na mtoto akampa wake, akakaa hivyo mpaka ule mkono mwingine ukawa mzito na jiko likazimika. Ardhi ilikuwa imeganda. Wanaume walichoma magogo juu ya kaburi usiku kucha ili jembe liweze kuingia. Nadejda hakuja. Hakuwa na karatasi, na akivuka mpaka asingeweza kurudi kazini. Jirani yao, Parascovia, alishika simu juu ya jeneza ili aone mazishi, lakini mtandao ulikuwa dhaifu, na picha ikakwama katikati ya sala. Axenia alibaki anatazama uso wa mama yake uliosimama pale kiooni, mdomo wazi, macho nusu, huku padri akiendelea.

Baada ya hapo aliwekwa chini ya uangalizi wa Parascovia. Uangalizi wenyewe ulikuwa wa kufungua maboksi. Watoto wa Parascovia walivaa soksi za kutoka Italia, na Axenia alikula mamaliga, ule ugali wa njano, kwa chumvi na siku njema kwa jibini. Hakumwambia mama yake. Aliona kwamba mtu asiyeuliza hastahili kujibiwa.

Fedha za Italia, wakati huo, zilikuwa zinapandisha nyumba kando ya kibanda cha bibi: ghorofa moja juu, geti la chuma lenye maua ya chuma, bafu la vigae vya bluu lisilo na maji. Hakuna aliyeishi humo. Kila mtaa ulikuwa na nyumba kama hizo, nzuri na tupu. Axenia aliiba ufunguo kwa Parascovia akawa anaingia bafuni kusema peke yake. Kuta zilimrudishia sauti ikiwa nene kuliko ilivyotoka, na akagundua kwamba maneno yakipangwa kwa vina hurudi vizuri zaidi. Ghenadie, au Ghena kwa kifupi, kijana aliyekuwa anajifunza ufundi umeme na ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa Ureno, ndiye aliyeleta kompyuta na maiki iliyovishwa soksi. Ndani ya bafu lile wakarekodi wimbo wa kwanza.

*Mama hufika Jumamosi, kafungwa utepe na kamba,*
*namfungua kwa kisu cha bibi, namkuta ni kahawa na pamba.*
*Namuuliza mbona nina homa, ananijibu kwa harufu ya sabuni;*
*nalala na boksi kifuani, naota nimo tumboni.*

Nadejda alipopata karatasi zake hatimaye, alikuja likizo ya wiki mbili. Axenia alikuwa na miaka kumi na minne. Mama alisugua vigae, alifua mapazia, alipaka chokaa kaburi la bibi. Jioni walikaa mezani kama wageni wawili waliokosea chumba, kila mmoja akingoja mwenzake atambue kosa. Kisha likizo ikaisha.

Jina la Orfana lilikua polepole, kwa miguu yake lenyewe. Walipiga katika majumba ya utamaduni ya miji midogo, yasiyo na joto, wasikilizaji wakiwa na makoti na mvuke ukiwatoka mdomoni kila walipoitikia. Alichana mistari kuhusu shule zilizofungwa kwa kukosa watoto, na kuhusu kura zinazonunuliwa kwa mfuko wa ngano na chupa ya mafuta ya alizeti. Chama kimoja kilimwalika kwenye mkutano wa kampeni, akakataa. Kampuni ya muziki ya mjini ilimtaka aimbe mapenzi na apunguze urefu wa sketi, nayo akaikataa. Kanda zao walizitoa wenyewe, yeye na Ghena, na mabango waliyabandika kwa mikono yao. Lakini popote walipokwenda, kabla ya yote, vijana waliomba "Boksi", na alipouimba hawakurukaruka. Walisimama wima kama watu walioitwa majina.

Basi vijana wa Kimoldova walioko Italia wakamwalika. Ukumbi wa kwanza ulikuwa Padova, mji aliokuwa akifanya kazi mama yake.

Nadejda alipiga simu wiki moja kabla. Alizungukazunguka: hali ya hewa, bei ya nyanya, magoti ya bibi kizee aliyekuwa anamtunza. Mwisho akasema kwamba wanawake wenzake wa bustanini, wale wanaokaa pamoja kwenye mabenchi siku zao za mapumziko, Alhamisi na Jumapili, watakuja wote.

"Nimewaambia wewe ni wangu," alisema.

"Umewaambia naitwaje?"

"Nimewaambia ni jina la usanii tu. Axenia, mwanangu, imba zote. Hata za kuwatukana mawaziri, imba. Ule wa boksi uache. Siku hiyo moja tu."

Axenia alijibu, "Tutaona." Lilikuwa neno la mama yake mwenyewe, ndilo alilomjibu nalo miaka yote alipoulizwa atarudi lini. Sijui kama Nadejda alilitambua. Alishukuru, akakata simu.

Onyesho lilifanyika Jumapili mchana, kwa sababu wanawake wale walitakiwa wawe wamerudi kwa wazee wao kabla ya chakula cha jioni. Ukumbi ulikuwa wa parokia, wenye viti vya kukunja. Walikuja wamevaa kama wa harusini, na vitumbua vya jibini vimefungwa kwa karatasi ya fedha. Nyuma walisimama vijana, wale walioletwa na mama zao wakiwa tayari wana ndevu na hasira. Axenia alichungulia kwenye pazia akamwona mama yake safu ya mbele, katikati, amevaa koti jipya la kijani na nywele zimetengenezwa. Kulia kwake alikaa Liuba, mwanamke mnene mwenye sauti, aliyekuwa kiongozi wa mabenchi. Nadejda alikuwa anamgeukia huyu, anamshika yule mkono, anacheka kichwa nyuma.

Ndicho kilichomchoma. Miaka yote alikuwa amemwaza mama yake akiwa mchovu, ameinamia kitanda cha mtu, na wazo hilo lilikuwa limemsaidia kidogo. Hakuwahi kumwaza akicheka. Uso ule mchangamfu ulikuwapo basi duniani, na watu wasiomhusu walikuwa wanautazama kila Alhamisi na Jumapili.

Alianza na nyimbo za kura na za shule. Wanawake walimpigia makofi ya upole, kama wanavyowapigia watoto wa kwaya. Walikuwa wameziacha kura zile mbali. Nyuma, vijana wakaanza kupiga mluzi na kuita "Boksi! Boksi!" Liuba aligeuka akauliza boksi ni nini. Nadejda alimtazama binti yake jukwaani na kutikisa kichwa, kidogo sana, kama anavyokatazwa mtoto mezani mbele za wageni.

Labda asingetikisa kichwa, mambo yangekwenda vingine. Ghena aliinua nyusi nyuma ya kompyuta, na Axenia akamwashiria apige.

Alipofika kwenye kisu cha bibi, ukumbi ulikuwa kimya. Alipofika kwenye homa, wanawake walikuwa wanalia, wengine wazi, wengine kwa kujifanya wanatafuta kitu mkobani. Liuba mwenyewe alikuwa amemwekea Nadejda mkono begani. Nao ulikuwa mkono wa huruma. Kama wimbo ungeishia pale, ungekuwa wimbo wao wote, na wangetoka pamoja macho mekundu wakala vitumbua vyao. Lakini biti iliendelea, na Axenia akashuka ngazi za jukwaa na maiki mkononi, akasimama mbele ya safu ya kwanza, akachana maneno ambayo hakuwa ameyaandika popote.

*Wewe wa safu ya mbele, uliyevaa koti la kijani,*
*mama wa watu unajua hulalia ubavu gani.*
*Mama yako alipokata roho, mkono wake alimpa nani?*

Vijana walilipuka. Walikanyaga sakafu mpaka viti vikatetema. Mmoja alipanda juu ya kiti akawa analia na kupiga kelele kwa pamoja. Ghena alisema baadaye kwamba hajawahi kuisikia sauti yake ikitoka vile, na hata yeye Axenia alijua kwamba hajawahi kuimba vizuri hivyo maishani. Liuba aliondoa mkono wake begani mwa Nadejda. Aliuondoa taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria na bado anataka asionekane ameungua. Safu nzima ilikuwa inaangalia lile koti.

Nadejda alibaki ameketi. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wanamngoja afanye kitu, akaanza kupiga makofi.

Walikutana jikoni mwa ukumbi, baina ya mabirika na vikombe vya parokia. Nadejda alikuwa tayari amefunga vifungo vyote vya koti. Alikuwa na muda mfupi kabla ya kurudi kazini. Axenia alikuwa bado na jasho la ushindi mwilini, na alikuwa amejiandaa kugombana. Alitamani ugomvi. Alikuwa na majibu ya miaka mingi.

"Umekonda," mama alisema.

"Sema ulilojia, mama."

Nadejda alitazama vikombe. "Mkono alikupa wewe. Najua. Parascovia aliniambia siku ile ile. Sijawahi kukushukuru, sikujua inasemwaje kwenye simu." Akasogeza kikombe kimoja kando. "Na mimi saa ile nilikuwa nimeshika wa mama wa watu. Alikuwa anaogopa kuoga. Hilo la mama wa watu umelipatia. Sijui nani alikuambia."

"Hakuna aliyeniambia. Nimebuni."

"Basi umebuni vizuri."

Hakulisema kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Axenia alimwambia, akisikia sauti yake inapanda, kwamba alikuwa mtoto, kwamba alikula ugali kwa chumvi, kwamba viatu vilikuwa vidogo, vyote, kila mwaka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba yote ni kweli, na ndiyo maana hana la kusema. Mtu akisingiziwa angalau hupata la kujitetea. Kisha akamwomba radhi kwamba anachelewa, akambusu kwenye paji la uso, akatoka kwa mlango wa nyuma ili asipite ukumbini.

Ghena aliitupia mtandaoni video ya onyesho wakiwa bado njiani kuelekea Bologna. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyofanya na kila onyesho. Axenia angeweza kumwambia aitoe. Alizisoma jumbe zilizokuwa zinaingia, kutoka Lisbon, kutoka Tel Aviv, kutoka vijiji ambavyo hakuwahi kuvisikia: mimi pia, yangu pia, bibi yangu alikufa mikononi mwangu na mimi nina miaka tisa. Watu waliweka alama za nyuso zinazolia. Aliwasomea wenzake garini kwa sauti, na video ikabaki.

Mwaka ule ulikuwa wake. Shirika moja la watoto lilimpa tuzo, wakamwita sauti ya walioachwa. Magazeti yalimpiga picha mbele ya geti la maua ya chuma. Mistari mitatu ile ya papo kwa papo ikawa ndiyo wimbo. Watoto waliiandika kwenye kuta za shule, na wengine waliwatumia mama zao kwenye simu bila neno jingine. Kwamba vilio vingine vilitokea huko upande wa pili wa simu, hakuna gazeti lililoandika.

Masika yaliyofuata, aliporudi Italia, alikwenda bustanini Padova siku ya Alhamisi. Mama yake alikuwa hapokei simu zake tena ila kwa nadra, na majibu yake yalikuwa ya salamu. Wanawake walikuwapo, na chupa zao za chai na mbegu zao za alizeti. Walipomtambua waliacha kutafuna. Liuba alimsogezea nafasi akae, kwa heshima, kama anavyosogezewa mtu wa serikali.

Alimweleza kwamba Nadejda aliacha kazi kabla ya Krismasi akahamia kusini, karibu na Bari. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsema hata kwa neno moja. Ila alipokaa, benchi lilipungua maneno. Kila mmoja alikuwa na mtoto kule nyumbani, na kila mmoja alipomtazama Nadejda aliusikia ule wimbo. Akawa anakaa peke yake karibu na bwawa, halafu akawa haji.

"Mlimtenga," Axenia alisema.

"Tulimtenga, ndiyo. Tuliogopa," Liuba alijibu. Hakuinua sauti. "Binti yangu mimi ana miaka kumi na sita. Alinitumia mistari yako siku ya kuzaliwa kwangu. Ulisema kweli, dada, sikulaumu. Lakini kweli hiyo ungetuambia sote kutoka kule juu jukwaani, tungeigawana. Wewe ulishuka ngazi ukampa mmoja aibebe."

Axenia alikaa mpaka adabu ikaruhusu kuondoka, akaenda kwenye onyesho lake la jioni, akaimba.

Vuli ilipofika walipiga katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu, Chișinău, ule ambao kampuni iliyomtaka apunguze sketi ilikuwa imewaahidi wasanii wake na ikashindwa kuujaza. Yeye aliujaza bila kampuni. Alikuwa ameamua, na alimwambia Ghena peke yake, kwamba "Boksi" utaishia kwenye neno tumboni. Mistari mitatu ya Padova haitaimbwa tena, leo wala kesho. Ghena alitikisa mabega. Biti ilipofika mahali pale, Axenia alishusha maiki. Kimya kilidumu pigo moja la ngoma. Kisha ukumbi mzima ukaichukua, watoto wa Italia na wa Ureno na wa Moscow, wamefumba macho, mishipa ya shingo imesimama: koti la kijani, ubavu gani, alimpa nani. Waliirudia na kuirudia. Yeye alisimama mbele yao na hapakuwa na la kufanya; hata angepiga kelele wanyamaze, wangedhani ni sehemu ya wimbo.

"Hukuhitaji hata kuimba," Ghena alisema nyuma ya jukwaa, na uso wake uling'aa.

Kesho yake asubuhi alimpigia mama yake, na safari hii alipokea. Nadejda alisema kwa sauti ya chini kwa sababu mzee aliyekuwa akimtunza alikuwa amesinzia. Alikuwa mzee wa kiume sasa, mzito, aliyewahi kuwa nahodha wa meli, na siku nyingine alirusha sahani. Watoto wake walikuwa watu wazuri. Walimpa Nadejda chumba chenye dirisha.

Axenia alimwambia kwamba ameuacha ule wimbo, ile sehemu.

"Usiuache, mwanangu. Ndio unaokulisha."

"Wanakujua huko? Wanajua mimi ni nani?"

"Hawajui," Nadejda alisema. "Waliniuliza siku ya kwanza kama nina watoto. Nikasema sina. Niliona ni rahisi hivyo, hakuna maswali."

Axenia alisema ni sawa. Aliuliza kama chumba kina joto, na mama akasema kinalo. Wakaongea kidogo juu ya paa la kibanda cha bibi, ambalo lilikuwa limeanza kuvuja upande wa kaskazini, nani angeweza kulitengeneza kabla ya theluji, na kama fundi wa zamani bado yuko hai. Kisha mzee akaita, na Nadejda akasema lazima aende kumgeuza.